Kabla Useme Nax Hakuna Pa Kwenda

Kila shule zikifungwa maneno ni yale yale. Mtu anashika simu, anaona binamu yake aliye ng'ambo amepiga picha ufuoni akaandika "summer", halafu anageuka na kusema: Nakuru hakuna pa kwenda. Ni Vasha, ni Nairobi, ama ni kukaa kwa base hadi giza liingie.

Kwanza tuelewane. Sisi hatuna summer. Tumekaa karibu na ikweta, na mwezi wa Agosti, wakati wenzetu wa Ulaya wanachomwa na jua, huku Nakuru ni sweta, chai na mvua ya saa kumi. Jua letu kali linaanza Desemba na kwenda hadi Machi. Kwa hivyo tukisema raha za likizo, tunamaanisha Aprili, Agosti na Desemba, na kila moja ina hali yake ya hewa na ya mfuko.

Sasa hoja yangu. Nakuru ina pa kwenda kuliko miji mingi ya Kenya. Kitu ambacho hatujawahi kufundishwa ni historia ya kwenda kwenyewe. Nani aliruhusiwa kutembea bila shughuli? Nani alikaa ndani akinywa chai, na nani alisimama nje ya geti? Ukiijua hiyo historia, utaelewa kwa nini hadi leo kuna sehemu za mji huu unapita ukiharakisha kana kwamba umekosea njia, ilhali ni mji wako. Tulia, nikupeleke polepole.

Bao lilikuwepo kabla ya mji

Tuanzie Hyrax Hill, kile kilima cha mawe kando ya barabara ya kwenda Nairobi, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Jina limetokana na pimbi, wale wanyama wadogo wanaofanana na sungura asiye na masikio, wanaoota jua kwenye mawe. Mwaka wa 1937 Mary Leakey alianza kuchimba pale, akapata makaburi, vyungu na mabaki ya makazi ya watu walioishi hapo kwa vipindi tofauti, baadhi yao maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka wa 1943 kilima kikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka wa 1965 nyumba ya zamani ya shamba iliyokuwa pale ikafunguliwa kama jumba la makumbusho.

Lakini kitu ninachotaka uone ukienda si kaburi. Ni mashimo. Kuna mwamba pale umechongwa safu za vishimo vidogo, na yeyote aliyelelewa na babu anajua hicho ni nini: bao. Wajaluo huliita ajua, Wakikuyu giuthi, Wamaasai enkeshui. Hebu fikiria muda unaohitajika kuchonga jiwe gumu hivyo, shimo baada ya shimo, ili tu upate mahali pa kucheza na wenzako.

Watu wanapenda kutuambia kwamba kubarizi ni tabia ya kizazi kivivu. Mwamba wa Hyrax Hill unakataa. Watu wa hapa walikuwa na ng'ombe wa kuchunga na maji ya kuteka, na bado wakatenga nafasi ya mchezo, mahali palipo juu, penye upepo na mandhari ya ziwa. Hiyo ndiyo base ya kwanza ya Nakuru tunayoweza kuigusa kwa mkono, na haikuwa na geti.

1904: mwaka ambao kutembea kulipata mwenyewe

Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Mwaka wa 1904 mambo mawili yalitokea, na huwa yanafundishwa kama hayahusiani. La kwanza, Nakuru ikatangazwa kuwa mji. La pili, serikali ya Mwingereza ilitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai uliowaondoa katika Bonde la Ufa la kati, yaani hapa hapa, wakapelekwa Laikipia na kusini. Mwaka wa 1911 wale wa Laikipia walihamishwa tena. Nyasi walizoacha zikawa mashamba ya walowezi. Lord Delamere alipata ekari laki moja Njoro, jirani tu hapo.

Kwa hivyo Nakuru ilizaliwa kama mji wa walowezi. Wakiuza mahindi na mifugo, wikendi walihitaji pa kupumzika: klabu, hoteli, mbio za farasi, kriketi, dansi. Hizo ndizo "shughuli za likizo" za kwanza zilizoandikwa katika historia ya mji huu. Waafrika walikuwepo pia kwenye hizo sherehe. Walikuwa wamebeba trei.

Nje ya klabu kulikuwa na sheria. Tangu mwanzoni mwa ukoloni Kenya ilikuwa na sheria ya uzururaji: ukipatikana mjini bila kazi inayoeleweka, unaweza kukamatwa na kurudishwa ulikotoka. Kisha ikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri wake, mara nyingi ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ilibaki hivyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1940.

Hebu weka hayo mawili pamoja. Jumapili moja, saa tisa alasiri, barabara moja ya Nakuru. Mlowezi anatembea taratibu akitazama maduka: huyo anapunga upepo. Kijana wa miaka 17 kutoka Bondeni anatembea taratibu akitazama maduka yale yale: huyo anazurura. Mwendo ni mmoja, barabara ni moja. Kilichotofautiana ni jina ambalo sheria ilimpa kila mmoja.

Na usidhani hiyo ni hadithi ya babu tu. Sheria ya uzururaji ilifutwa mwaka wa 1997, wakati wa mageuzi yaliyofanywa kabla ya uchaguzi wa mwaka huo. Yaani miaka 34 baada ya uhuru. Hata baada ya hapo, Kanuni ya Adhabu ilibaki na kifungu cha watu "wavivu na wenye fujo". Kwa hivyo mzee wako akikuambia usikae kwa barabara bila sababu, huenda hakuchukii. Alikulia katika nchi ambapo kukaa bila sababu kulikuwa kesi.

Kasri la mtu mmoja

Panda matatu ya kuelekea Njoro, shuka Ngata, na utafika kwenye kitu ambacho wageni hudhani ni cha filamu: kasri la Lord Egerton. Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka wa 1938, vita vikasimamisha ujenzi, na halikuisha hadi mwaka wa 1954. Lina vyumba zaidi ya 50 na ukumbi wa dansi. Alifariki mwaka wa 1958.

Waelekezi watakusimulia hadithi ya mapenzi: kwamba kulikuwa na mwanamke, akaonyeshwa nyumba ndogo ya kwanza akasema ni kama banda la kuku, jamaa akaamua kujenga kasri, na mwanamke akakataa hata hilo. Wataongeza kwamba baada ya hapo wanawake walipigwa marufuku kukanyaga pale. Ni hadithi tamu, na ndiyo video zote za kule husimulia.

Mimi hupenda kutazama tarehe. 1938 hadi 1954. Mwaka wa 1952, Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Katika mashamba ya Bonde la Ufa, maskwota Wakikuyu kwa maelfu walipakiwa kwenye malori na treni na kurudishwa Kati, wengi wakiwa wamezaliwa huku huku na hawana kwao kwingine. Wakati familia zinafungasha sufuria na blanketi, kasri la mtu mmoja asiye na mke wala mtoto lilikuwa linamaliziwa. Huhitaji hekaya ya mwanamke aliyekataa. Hiyo picha pekee inatosha.

Shule ya kilimo aliyoanzisha mwaka wa 1939 nayo ilikuwa ya kufundisha vijana wa Kizungu. Milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote karibu na wakati wa uhuru, na mwaka wa 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton kamili. Leo kasri liko chini ya chuo hicho, na Jumamosi utakuta maharusi kutoka mitaa yote wakipiga picha kwenye zile ngazi. Watu wengine huona hiyo ni kuiga ukoloni. Mimi naona tofauti. Bibi harusi ambaye nyanya yake asingeruhusiwa kuvuka lile geti, leo anafagia sakafu ya ukumbi na gauni lake, halafu wajomba wanafungua chupa za soda nyasini. Hilo jengo halijawahi kutumika vizuri kuliko hivyo.

Ziwa letu, fensi yao

Sasa tuje kwa lile jambo kubwa. Nakuru ni mmoja wa miji michache duniani ambayo mbuga ya taifa iko ukingoni mwa mitaa. Sehemu ya ziwa ilihifadhiwa kwa ajili ya ndege mwaka wa 1960, na mwaka wa 1968 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Mwaka wa 1990 ziwa likawa ardhioevu ya kwanza ya Kenya kuingia kwenye orodha ya Ramsar, na mwaka wa 2011, pamoja na Bogoria na Elementaita, likaingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Flamingo walikuwa wengi hadi ukingo wa maji ukaonekana wa waridi, na ndio waliofanya jina la Nakuru lijulikane kote duniani.

Miaka ya 1980 mbuga ilizungushiwa fensi yote ya umeme, hasa kuwalinda faru dhidi ya majangili. Nitakuwa mkweli: fensi iliokoa maisha. Faru wa Kenya walikuwa wanaisha. Na simba anayetembea Rhonda saa tatu usiku hakuna anayemtaka. Kwa hivyo sitasema fensi ing'olewe.

Lakini tazama ilichofanya upande huu wa waya. Ndani ya mbuga hutembei kwa miguu, kwa sababu zinazoeleweka. Maana yake kiingilio peke yake hakitoshi, unahitaji gari. Mtoto wa Kaptembwo au Rhonda anaweza kulala akisikia fisi, lakini ili amwone faru inabidi apate mtu mwenye gari, au shule yake ikodi basi. Wengi wetu tuliona hilo ziwa kwa karibu mara moja, kwenye ziara ya darasa la saba, tukiwa tumebanwa watatu watatu kwenye kiti, na mwalimu akipiga kelele tusitoe mikono nje. Mtalii aliyetua jana anaijua mbuga vizuri kuliko msee aliyezaliwa mita 500 kutoka kwa fensi.

Halafu ziwa lenyewe likaanza kufanya mambo yake. Katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limekauka karibu lote, upepo ukivuma mji unajaa vumbi la magadi. Tangu karibu mwaka wa 2010 likageuka, likaanza kujaa na kujaa, hadi geti kuu la zamani likamezwa na maji na nyumba za watu upande wa mtaani zikafurika. Maji yalipoongezeka chumvi ikapungua, chakula cha flamingo kikapungua pia, na wengi wao wakahamia Bogoria. Kwa hivyo ukiona kadi ya zamani ya Nakuru yenye ziwa la waridi, jua ni picha ya kitu ambacho babako alikiona na wewe huenda ukikifuata kilomita karibu 100 kaskazini. Ukifika Bogoria beba mayai, kule chemchemi zinachemsha zenyewe.

Ninachosema ni hiki: mji uliojengwa jina lake juu ya ziwa ungeweza kuwa na utaratibu wa wazi, unaotangazwa, wa kuwaingiza vijana wake. Basi la bei nafuu kila Jumapili ya likizo, linatoka stendi, linarudi jioni. Hilo si jambo la ajabu. Ni ratiba na dereva.

Raha ambazo hazikuhitaji tiketi

Usidhani wazee wetu walikaa wakilia nje ya mageti. Walijitengenezea raha zao, na mbili kati ya hizo zilikuwa kubwa kuliko klabu yoyote.

Ya kwanza ni kandanda. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka wa 1963, mwaka wa uhuru wenyewe. Unajua nani aliibeba? Siyo Gor, siyo Ingwe, ambao hata hawakuwa wamezaliwa kwa majina hayo. Ni Nakuru All Stars. Bingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya Kenya ni timu ya mji huu, na nina uhakika nusu ya wanaosoma hapa wanalisikia leo kwa mara ya kwanza. Mji ambao miaka kumi nyuma ulimkamata kijana kwa kutembea, sasa ulikuwa unamshangilia kwa kukimbia.

Ya pili ni rally. Safari Rally ilianza mwaka wa 1953 kama sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Unaona tena: sherehe ya wakubwa. Lakini mashindano ya barabarani yana udhaifu mmoja mtamu, huwezi kuyawekea ukuta. Gari likipita kijijini, kijiji kizima kimekuwa mtazamaji. Watu walikaa kando ya njia tangu alfajiri ya Pasaka na chupa ya chai, wakala vumbi, wakampigia kelele Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mwaka wa 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano. Hakuna aliyewauliza kipande wala tiketi.

Rally ya dunia iliondoka Kenya baada ya mwaka wa 2002 na kurudi mwaka wa 2021, safari hii kambi ikiwa Naivasha, ndani ya kaunti yetu. Najua mnachokumbuka ni kelele za Vasha, mahema na bei ya vyumba iliyopaa. Sina shida na raha, lakini msisahau kwamba asili ya rally kwa mwananchi ni kusimama kando ya barabara bure na mtu wako. Ukijikuta huna pesa ya hema wala ya kinywaji, hujakosa rally. Umeirudisha kwa wenyewe.

Siku ambazo viwanja havikuwa vya mchezo

Hapa nitapunguza sauti kidogo, kwa sababu nyumba nyingi za Nakuru bado hazijaongea haya.

Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi ziliingia Nakuru mjini. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi waliachana kwa saa chache. Na watu walikimbilia wapi? Walikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo, ile Showground. Walikimbilia Afraha. Mahali ambapo mtoto alikuwa amebebwa mabegani kumtazama ng'ombe wa mashindano, akanunuliwa baluni na pamba ya sukari, palijaa mahema. Mahali pa kushangilia mabao palikuwa pa kupanga foleni ya unga.

Nawaza hilo kila ninaposikia mtu akisema viwanja vya wazi ni anasa, kwamba mji unaokua unahitaji maduka zaidi na sio nyasi. Mwaka wa 2008 maelfu ya watu wa Nakuru walikuwa hai kwa sababu palikuwepo nafasi kubwa ya umma ambayo hakuna aliyeweza kuwaambia ni ya kabila fulani. Kama zile ekari zingekuwa zimegawanywa ploti, sijui wangelala wapi.

Na kuna upande mwingine. Vijana waliochezeana mpira pamoja wanajuana kwa majina. Hiyo haizuii siasa mbaya, lakini inafanya iwe vigumu zaidi kumwona mtu kama adui kwa sababu tu ya jina la ukoo. Mji ambao watu wake hawana pa kukutana bila kununua kitu ni mji unaojua majirani zake kwa uvumi. Sisi tulishaona uvumi unaweza kufanya nini.

Menengai haina mwenyewe

Panda juu sasa. Kreta ya Menengai iko kaskazini mwa mji, kilele chake kimefika mita 2,278, na shimo lenyewe lina ukubwa wa karibu kilomita 90 za mraba. Ukisimama ukingoni, ardhi inashuka mamia ya mita na chini kuna mawe meusi ya lava na vichaka, na huku mvuke unapanda kutoka visima vilivyoanza kuchimbwa mwaka wa 2011 kwa ajili ya umeme wa jotoardhi.

Masimulizi ya Wamaasai yanasema katika karne ya 19 kulikuwa na vita kati ya Ilpurko na Ilaikipiak, na walioshindwa walitupwa ndani ya kreta. Ndiyo maana wengi huogopa mahali pale, na ndiyo maana wengine huenda kusali na kufunga kwenye mapango yake. Menengai inabeba vyote: msiba wa zamani, maombi ya leo, umeme wa kesho, na wanafunzi wa kidato cha tatu wakibishana nani atabeba maji.

Hapo ndipo napenda kuwapeleka wageni, kwa sababu ukigeuka upande wa kusini unaona kila kitu nilichoandika. Mji wote, reli, ziwa, barabara ya Nairobi, upande wa Njoro. Mwaka wa 2019 sensa ilihesabu zaidi ya watu nusu milioni katika huo mji ulio chini yako. Tarehe 1 Desemba 2021 ukapewa hati ya kuwa jiji, la nne Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ukiangalia kutoka juu, hesabu moja inakuja yenyewe: mabati yameongezeka sana, kijani cha kukaa watu hakijaongezeka.

Sasa tufanye nini na likizo?

Nina mapendekezo, na sio ya kupiga picha tu.

Kama una siku moja na hela kidogo, nenda Hyrax Hill asubuhi, tafuta lile bao, na mcheze. Beba mbegu au kokoto. Mwombe mzee wako akufundishe kanuni kabla hujaenda, hiyo peke yake ni likizo tosha.

Kama mko mbogi, pandeni Menengai. Nendeni wengi, asubuhi, na maji ya kutosha, msitembee wawili wawili hadi jioni kwa sababu njia ni pweke. Mrudi na takataka zenu.

Kama kuna mwenye gari au shule yenu ina basi, changeni muingie mbuga. Mkiwa mnatoka Nairobi kurudi, Kariandusi kule Elementaita kuna mashoka ya mawe yaliyotengenezwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, na karibu na hapo Kikopey kuna nyama choma. Historia na nyama siku moja, hakuna kisingizio.

Na kama huna hata nauli, zunguka mji kwa miguu. Tembea taratibu. Angalia maduka ya zamani ya Wahindi, soma miaka iliyoandikwa juu ya majengo, kaa Nyayo Gardens bila kununua kitu. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana uhuru wa kutembea. Kuna kijana aliyevaa kikebe shingoni ambaye angelipia sana hiyo sentensi.

Jambo la mwisho ndilo zito. Kila mtaa wa mji huu una kiwanja ambacho nyote mnakiita field tu. Hakina bango, hakina fensi, hakina mwenyewe anayejulikana. Siku moja inamwagwa lori ya kokoto, wiki ijayo kuna mabati, na ikifika Krismasi ni fleti. Hakuna anayeuliza kwa sababu kila mtu alidhani mwingine anajua. Kaunti huandaa mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na kila mwaka huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Ile mikutano ya kwenye ukumbi wa wadi, ambayo huwa imejaa wazee na wafanyabiashara, ndiyo mahali ambapo field yenu inaweza kuandikwa jina. Nendeni wote mliocheza hapo. Muulize swali moja tu: hiki kiwanja kimesajiliwa kwa nani? Halafu mngoje jibu la maandishi.

Walowezi walielewa kitu kimoja kutuzidi, nalo ni kwamba mahali pa kupumzika hupatikana kwa kupangwa, kupimwa na kulindwa. Wao walifanya hivyo kwa ajili ya wachache. Sisi tuko nusu milioni, na Agosti inakuja.